SOMO LA WIKI: Nembo changamfu haianzii kwenye rangi

WAFANYABIASHARA wengi wanaoanzisha chapa mpya ya vinywaji, bidhaa za watoto, nguo za vijana au huduma za simu hutaka jambo moja: nembo changamfu, yenye rangi nyingi, itakayomfanya mteja atabasamu kabla hajauliza bei. Matakwa hayo si mabaya. Tatizo ni kwamba wengi huanza na rangi na kumalizia na wazo. Matokeo yake ni nembo inayong'aa kwenye kompyuta ya mchoraji, lakini ikifika kwenye mhuri, stika, risiti au kioo kidogo cha simu haitambulikani tena. Hapo ndipo mtaji unapoanza kupotea kwa kuchapa upya.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Lakini hata kizuri hakiwezi kujiuza mara ya pili kama mteja aliyekifurahia hakumbuki alikinunua chini ya alama ipi. Kazi ya nembo ni kumrudisha mteja huyo. Somo la wiki hii linaeleza jinsi ya kupata wazo la nembo ya kidijitali yenye uchangamfu, gharama zilizofichika ndani ya rangi, na hatua za kulinda nembo hiyo ikishapatikana.

Rangi 11 zilizoleta taabu

Mfano mzuri wa kujifunzia ni kampuni ya Slack ya Marekani, inayouza programu ya mawasiliano ya kazini. Programu hiyo ilitangazwa mwaka 2013. Nembo yake ya kwanza ilikuwa alama ya reli, ile ile inayotangulia majina ya vikundi vya mazungumzo ndani ya programu, ikiwa imeinamishwa kidogo. Ilichorwa kwa michirizi minne iliyopishana, na kila ilipopishana rangi ilibadilika. Ilikuwa nembo ya kuchekesha na ya kirafiki, na watumiaji waliipenda.

Lakini mwezi Januari 2019 kampuni yenyewe ilieleza hadharani kwa nini inaiacha. Nembo ilikuwa na rangi 11. Ikiwekwa juu ya rangi yoyote isiyokuwa nyeupe, au ikiinamishwa kwa pembe tofauti na nyuzi 18 zilizopangwa, ilionekana vibaya. Ili kukwepa tatizo hilo, kampuni ilitengeneza nembo nyingine za pembeni kwa matumizi mbalimbali, hadi alama kwenye simu ikawa haifanani na alama kwenye kompyuta, na zote mbili hazifanani na nembo yenyewe. Mteja yule yule alikuwa akikutana na sura kadhaa za kampuni moja.

Kazi ya kurekebisha ilipewa kampuni ya usanifu ya Pentagram, chini ya msanifu Michael Bierut. Rangi zilipunguzwa kutoka 11 hadi 4 za msingi, na umbo likajengwa upya kwa vipande viwili tu vinavyojirudia: kijiti chenye ncha za mviringo na kitone kinachofanana na kiputo cha mazungumzo. Uchangamfu haukuondoka, bali ulihama kutoka kwenye wingi wa rangi kwenda kwenye umbo. Mabadiliko hayo yalipokelewa kwa manung'uniko na baadhi ya wateja, kama ilivyo kawaida ya watu waliozoea sura ya zamani. Miezi mitano baadaye, Juni 2019, hisa za Slack zilianza kuuzwa katika soko la hisa la New York, na mwaka 2021 kampuni ilinunuliwa na Salesforce kwa thamani iliyotajwa kuwa dola bilioni 27.7. Jina na nembo viliendelea kutumika chini ya mmiliki mpya.

Kampuni yenye fedha nyingi iliweza kulipia marekebisho hayo baada ya miaka 5 hivi. Mfanyabiashara mdogo aliyekwishachapa vifungashio, vibao na fulana hana nafasi hiyo. Kwake yeye, kosa la mwanzo ndilo gharama kubwa.

Rangi nyingi ziwe na sababu

Haina maana kwamba rangi nyingi zikatazwe. Zipo nembo za rangi nyingi zilizodumu miongo kadhaa, na ukizichunguza utakuta kila moja ilikuwa na sababu ya kibiashara.

Tausi wa kituo cha televisheni cha NBC cha Marekani alianza kuonekana mwaka 1956. Wakati huo NBC ilimilikiwa na RCA, kampuni iliyokuwa ikitengeneza televisheni za rangi. Mtazamaji aliyekuwa na televisheni ya nyeusi na nyeupe aliambiwa kwamba kipindi kinaonyeshwa kwa rangi, na tausi huyo akawa kichocheo cha kumfanya atamani televisheni mpya. Tausi wa kwanza alikuwa na manyoya 11. Mwaka 1986 alichorwa upya na kubakiwa na manyoya 6.

Kampuni ya Apple nayo ilipata tufaha lake lililoumwa mwaka 1977, kazi ya msanifu Rob Janoff. Michirizi 6 ya rangi ilikuwa na maana: kompyuta ya Apple II iliyotoka mwaka huo iliweza kuonyesha rangi. Na ule mmego pembeni uliwekwa ili tunda lisidhaniwe kuwa cheri. Kuanzia mwaka 1998 kampuni iliacha michirizi ya rangi na kutumia rangi moja. Umbo halikuguswa, na hakuna mteja aliyepotea njia. Huo ni ushahidi kwamba kilichokuwa kikibeba kumbukumbu ya mteja ni umbo, na rangi ilikuwa nguo tu.

Google ni mfano wa tatu. Nembo iliyotumika kuanzia mwaka 1999 ilisanifiwa na Ruth Kedar, aliyekuwa akifundisha Chuo Kikuu cha Stanford. Herufi zilipewa rangi za msingi, nyekundu, bluu na njano, lakini herufi L ikapewa kijani, rangi isiyo ya kundi hilo. Mvunjo huo mmoja wa utaratibu ndio uliobeba mzaha wote: kampuni isiyofuata kanuni. Herufi zenyewe zilikaa mstari mmoja, zikisomeka bila taabu.

Hata huku Pwani somo hili si geni. Kanga huchangamsha macho kwa rangi chache kali zinazopambana, na hutambulika kwa mpangilio wake wa pindo, mji na jina. Ukiipiga picha ya nyeusi na nyeupe bado ni kanga. Nembo nayo ipimwe kwa kipimo hicho.

Hatua za kutafuta wazo

Chukulia mfanyabiashara wa Tanga anayetaka kuanza kuuza aiskrimu za matunda kwa watoto wa shule. Kabla ya kumlipa mchoraji, anaweza kufuata hatua hizi.

1. Aandike ahadi ya bidhaa kwa sentensi moja. "Aiskrimu tamu" si ahadi, kwa sababu kila muuzaji husema hivyo. "Aiskrimu ya embe halisi ambayo mtoto anaimudu kwa chenji ya mkate" ni ahadi. Sentensi hiyo ndiyo hakimu wa kila mchoro utakaofuata.

2. Azunguke madukani na kupiga picha nembo za washindani. Azipange mezani kwa rangi. Kama saba kati ya kumi ni nyekundu na njano, rangi hizo hazitamtofautisha hata zikiwa nzuri kiasi gani.

3. Achore kwa penseli, bila kompyuta. Michoro midogo 30 kwenye karatasi moja, kila mmoja kwa dakika mbili, huchukua saa moja tu. Michoro ya kwanza huwa ni ile ambayo kila mtu angeifikiria: koni, jua, uso unaocheka. Wazo lenye faida mara nyingi hutokea baada ya hayo kuisha.

4. Atafute jambo moja la mzaha, lisizidi moja. Embe lenye alama ya jino. Herufi moja inayoyeyuka. Kijiti cha aiskrimu kilichogeuka kuwa herufi. Mizaha miwili katika nembo moja huuana.

5. Achague michoro mitatu na kuichora kwa rangi nyeusi pekee. Ule usiosimama kwa rangi nyeusi uondolewe hapo hapo, hata kama ndugu na marafiki wameupenda.

6. Aipunguze. Alama ya tovuti kwenye kivinjari inaweza kuwa na ukubwa wa pikseli 16 kwa 16 tu. Picha ya akaunti kwenye WhatsApp huonekana ndani ya duara, na duara linalokatwa ndani ya mraba hupoteza karibu asilimia 21 ya eneo lake, yaani pembe zote nne. Nembo iliyojaza mraba itakatwa masikio.

7. Sasa ndipo aweke rangi. Rangi moja iwe mama, inayochukua sehemu kubwa. Nyingine moja au mbili ziwe wasaidizi.

8. Aijaribu kwa wateja, si kwa jamaa. Wanunuzi kumi waonyeshwe nembo kwa sekunde tano, ifichwe, kisha waombwe kuichora au kuieleza. Wasiulizwe kama ni nzuri, maana wengi watajibu ndiyo kwa adabu. Kinachotafutwa ni kile walichokumbuka.

Skrini ni taa, karatasi ni wino

Makosa mengi ya nembo za kidijitali hutokana na kutojua kwamba skrini na karatasi hutengeneza rangi kwa njia mbili tofauti. Skrini ni taa. Huchanganya mwanga mwekundu, kijani na bluu, kila mmoja ukiwa na ngazi 256, na hivyo kutoa rangi zaidi ya milioni 16. Karatasi hutumia wino wa aina nne: sayani, majenta, njano na nyeusi. Zipo rangi za mwanga ambazo wino huo hauwezi kuzifikia, hasa kijani kikali, waridi linalowaka na zambarau za mng'aro. Mfanyabiashara aliyezipenda kwenye simu hushangaa anapoletewa kasha lililofifia, na humlaumu mchapaji bure. Dawa ni kuomba sampuli ya karatasi kabla ya kuidhinisha rangi.

Jambo la pili ni utofauti wa mwanga na giza. Mwongozo wa kimataifa wa tovuti unataka michoro muhimu iwe na uwiano wa angalau 3 kwa 1 dhidi ya rangi iliyo nyuma yake, na maandishi ya kawaida 4.5 kwa 1. Nyeusi juu ya nyeupe ni 21 kwa 1. Njano safi juu ya nyeupe ni 1.07 kwa 1, yaani karibu haionekani. Anayependa njano aiweke juu ya bluu nzito au aizungushie mstari mweusi.

La tatu ni uzito wa faili. Google ilipobadili nembo yake Septemba 2015 na kuchukua herufi nyepesi zisizo na vikia, ilieleza kwamba nembo iliyotangulia ilikuwa na baiti 14,000 hivi, na mpya iliweza kutengenezwa kwa baiti 305. Hiyo ni karibu mara 46 pungufu. Kwa mteja anayenunua bando dogo kwenye mtandao unaosuasua, nembo nyepesi ni huduma pia.

La nne ni nembo zinazocheza. Michezo ya Olimpiki ya London 2012 ilizindua nembo yake mwezi Juni 2007, kazi ya kampuni ya Wolff Olins iliyolipiwa pauni 400,000. Filamu fupi ya kuitangaza ililazimika kuondolewa sehemu yake baada ya malalamiko kwamba mimweko yake inawadhuru wenye kifafa. Anayetaka nembo yake iruke na kumeta kwenye tangazo la simu akumbuke kikomo cha mimweko 3 kwa sekunde.

Hesabu ya rangi

Katika uchapaji wa fremu, unaotumika sana kwa fulana na mifuko, kila rangi huhitaji fremu yake. Chukulia, kwa mfano wa hesabu tu, kwamba fremu moja inagharimu Sh 20,000.

Nembo ya rangi 5 itahitaji fremu 5, yaani Sh 100,000 kabla ya mfuko wa kwanza kuchapwa. Nembo ya rangi 2 itahitaji Sh 40,000. Mfanyabiashara mkubwa anayechapa mifuko 1,000 atabeba Sh 100 kwa kila mfuko katika hali ya kwanza na Sh 40 katika ya pili. Tofauti ni Sh 60, anaweza kuivumilia. Lakini anayeanza na mifuko 50 atabeba Sh 2,000 kwa mfuko dhidi ya Sh 800. Tofauti ya Sh 1,200 inaweza kuwa faida yake yote. Na kama kitambaa ni cheusi, huhitajika fremu nyingine ya rangi nyeupe ya kutandika chini ili rangi zisimezwe.

Mashine za kuchapa za kidijitali hazihesabu rangi, na kwa oda ndogo zinaweza kuwa nafuu. Hata hivyo bei yake kwa kipande haishuki sana oda inapoongezeka. Kwa hiyo biashara ikikua, swali la idadi ya rangi hurudi pale pale. Njia ya busara ni kuwa na nembo moja yenye sura tatu tangu siku ya kwanza: ya rangi zote, ya rangi moja, na nyeupe kwa ajili ya kuwekwa juu ya giza.

Nembo ni ya nani?

Nembo ikikamilika, mfanyabiashara adai kwa mchoraji faili ya vekta, kwa mfano ya aina ya SVG, ambayo hukuzwa hadi ukubwa wa kibao cha barabarani bila kuchanika. Faili ya PNG humsaidia pale nembo inapotakiwa kukaa juu ya picha bila kisanduku cheupe. JPEG haina uwezo huo. Kisha yaandikwe makubaliano, yenye sahihi za pande zote mbili, kwamba haki zote za mchoro zimehamia kwa mnunuzi. Risiti ya malipo pekee haitoshi kumaliza ubishi.

Baada ya hapo ni usajili. Wengi hudhani kusajili jina la biashara au kampuni kunalinda nembo. Hapana. Alama ya biashara husajiliwa peke yake. Tanzania Bara hufanywa BRELA, na usajili wa kwanza hudumu miaka 7, kisha huhuishwa kwa miaka 10 kila mara. Zanzibar ina usajili wake, na ule wa Bara hauvuki bahari. Kenya hufanywa KIPI kwa vipindi vya miaka 10. Uganda ni miaka 7 ya mwanzo, kisha 10.

Bidhaa na huduma zimegawanywa katika madaraja 45 ya kimataifa, 34 ya bidhaa na 11 ya huduma. Aiskrimu ni daraja la 30, juisi la 32, nguo la 25. Anayesajili aiskrimu peke yake asitegemee kinga hiyo imfuate atakapoanza kuuza fulana.

Kwa mwekezaji mdogo

Anayealikwa kuweka fedha katika biashara changa yenye chapa inayovutia asiridhike na rangi. Aombe cheti cha usajili wa alama na aangalie kimeandikwa kwa jina la nani: la kampuni, la mwanzilishi, au la mchoraji. Kama alama ni ya mwanzilishi binafsi, siku akiondoka anaweza kuondoka nayo, na wanahisa wakabaki na mashine na madeni. Aulize pia nembo imebadilishwa mara ngapi na kila badiliko liligharimu nini katika vifungashio na vibao. Majibu ya maswali hayo huonyesha jinsi mwanzilishi anavyotunza fedha za wengine.

Maswali ya kujipima

1. Nembo ikichapwa kwa mhuri wa rangi moja, je, bado inatambulika?

2. Ikipunguzwa hadi ukubwa wa ukucha na kuwekwa ndani ya duara, nini kinapotea?

3. Kila rangi iliyomo inafanya kazi gani? Ikiondolewa, mteja atakosa nini?

4. Oda ya kwanza ni ya vipande vingapi, na gharama ya rangi kwa kila kipande ni kiasi gani?

5. Faili ya vekta iko mikononi mwa nani, na makubaliano ya haki yametiwa sahihi?

6. Alama imesajiliwa katika madaraja na nchi ambazo bidhaa inauzwa?

Mfanyabiashara mwenye majibu ya maswali yote sita yuko tayari kwenda kwa mchapaji. Mwenye majibu ya matatu tu asubiri kwanza: penseli na karatasi ni rahisi kuliko shehena ya vifungashio vya kutupa. Ukiona vyaelea, vimeundwa.